Mnara wa ruzuku, dishi la setilaiti au mtandao wa jamii: sera iegemee wapi?

Makala hii ni ya yule aliyeitwa kutoa maoni kuhusu intaneti ya vijijini na bado hajajua aegemee wapi. Ni ya diwani au mwakilishi wa wadi, mwalimu mkuu, katibu wa chama cha ushirika, au kijana wa shirika fulani aliyeambiwa aandike pendekezo la kurasa mbili kabla ya Ijumaa. Mezani kuna njia tatu, na kila moja ina watetezi wanaozungumza kana kwamba zile mbili nyingine hazipo.

Njia ya kwanza ni mnara wa simu unaojengwa kwa ruzuku ya mfuko wa mawasiliano kwa wote. Ya pili ni kuwafungulia mlango watoa huduma wa setilaiti za anga ya chini, ambao kwa sasa hapa Afrika Mashariki maana yake ni Starlink, huduma ya kampuni ya SpaceX ya Elon Musk. Ya tatu haisikiki sana redioni: mtandao wa jamii, yaani wanakijiji wenyewe wanajiunga kwa ushirika au chama, wanasimika antena, wananunua intaneti kwa jumla na kuigawana.

Kabla ya kupima, kuna hesabu moja inayopaswa kuwa mezani. Kwa takwimu za mwaka 2023 za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, Afrika kusini mwa Sahara asilimia 13 hivi ya watu walikuwa wanaishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu. Karibu asilimia 60 walikuwa wamefikiwa lakini hawaitumii. Simu janja ni ghali, bando linaisha kabla ya wiki, wengine hawajafundishwa, wengine hawaoni huko ndani kuna nini cha kwao. Kwa hiyo kiongozi anayejipima kwa idadi ya minara tu amelishughulikia fungu dogo la tatizo, na fungu kubwa limebaki palepale.

Vigezo

Njia zote tatu nitazipitisha kwenye maswali matano. Fedha za kuanzia zinatoka wapi? Mtumiaji analipa kiasi gani na kwa mtindo gani? Kikiharibika, nani anakuja? Nani ana uwezo wa kuzima? Na sheria inapaswa kusema nini ili njia hiyo ifanye kazi?

Kasi nimeiacha nje kwa makusudi. Njia yoyote kati ya hizi ikijengwa vizuri inatosha kwa masomo, miamala ya fedha, video na simu za kuonana. Mabishano ya megabiti hunoga kwenye vikao kwa sababu hayamgusi mtu mfukoni.

Fedha za kuanzia

Mfuko wa mawasiliano kwa wote hufanya kazi hivi: kampuni za simu hukatwa sehemu ndogo ya mapato yao, fedha hizo huwekwa kwenye kapu moja, kisha serikali hutangaza zabuni ya kupeleka huduma maeneo ambayo kampuni zisingeenda zenyewe. Kenya makato hayo ni asilimia 0.5 ya mapato ya mwaka. Tanzania ina mfuko wake, UCSAF, uliotungiwa sheria mwaka 2006. Mei 2023 mjini Dodoma ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kazi ambayo hakuna kijiji kingeweza kuichangia kwa harambee. Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii: kapu ni kubwa, na mwanakijiji hatoi hata senti kabla ya mnara kusimama.

Udhaifu wake ni kwamba kapu huweza kujaa na kukaa. Utafiti wa mwaka 2018 wa muungano wa A4AI (unaotetea intaneti ya bei nafuu) na UN Women uliopitia mifuko ya namna hii katika nchi 37 za Afrika ulikuta zaidi ya dola milioni 400 zimelala bila kutumika. Pili, kuna mnara na mnara. Minara mingi ya ruzuku ya awali ilikuwa ya 2G, ambayo ni ya kupiga simu na kutuma pesa, si ya kufungulia somo la video. Ndiyo maana ule mpango wa Tanzania wa mwaka 2023 ulilazimika pia kuingiza kazi ya kuiongezea nguvu minara 304 iliyokuwepo. Ukisikia "kata yenu imepata mnara", swali linalofuata ni wa kizazi cha ngapi.

Setilaiti inamhamishia mtumiaji gharama ya kuanza. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, vifaa viliuzwa kwa takriban shilingi 92,000 za Kenya. Bei ikashuka hadi chini ya nusu, kisha Agosti 2024 ikaja njia ya kukodi kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. (Bei hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo ziulize upya siku unayoandika bajeti.) Kwa hazina ya serikali njia hii karibu haina gharama, na hapo ndipo inapowavutia mawaziri. Rwanda, iliyotangulia wenzake wa Afrika Mashariki kwa kuipokea Februari 2023, ilitangaza kuanza na shule 500, maana yake serikali ndiyo mteja. Hiyo ni tofauti kubwa na kumwachia kila mwananchi ajinunulie.

Mtandao wa jamii huanza na fedha kidogo, ila ni lazima mtu azilete. Mara nyingi huwa ni wafadhili. TunapandaNET ya Kibera, Nairobi, ilikua kwa misaada na kwa mikono ya vijana wenyewe. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, mtandao wa Pamoja Net ulisukumwa na shirika lililokuwa tayari likifanya kazi na wakulima. Zenzeleni, huko Mankosi katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, ulizaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Cape na kusajiliwa kama ushirika mwaka 2014. Kaskazini mwa Uingereza wakulima wa Lancashire walianzisha B4RN mwaka 2011 kwa kuuziana hisa na kuchimba mitaro ya nyaya wenyewe kwenye mashamba yao, wenye ardhi wakiruhusu njia bila malipo. Hiyo inaonyesha kwamba mtandao wa jamii si dawa ya maskini tu. Kinachonikera ni kwamba mifuko ya mawasiliano kwa wote kwa kawaida hutangaza zabuni zinazodai leseni na mtaji wa kampuni kubwa, hivyo ushirika wa kijiji haufiki hata kwenye bahasha ya kwanza.

Malipo ya mtumiaji

Hapa mnara una sifa ambayo wataalamu huidharau. Bando la siku linamfaa mtu ambaye kipato chake hakina ratiba. Muuza samaki ananunua MB za mia tano leo, kesho hana kitu, keshokutwa anarudi. Hakuna mkataba, hakuna deni, na wakala yuko kila kona. Ubaya ni kwamba ukijumlisha vifurushi hivyo vidogo, anayenunua kidogo kidogo hulipa bei kubwa kwa kila GB kuliko anayenunua kwa mwezi. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2025 kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Nchi nyingi za ukanda huu zimekuwa juu ya mstari huo, na mara nyingine serikali yenyewe ndiyo inayousukuma mbali. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, yaani programu za kuficha matumizi ya mtandao, na mwaka 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bando. Mnara wa ruzuku ukijengwa na mkono mmoja huku mkono wa pili ukipandisha kodi ya bando, kijiji kinabaki na chuma kirefu.

Malipo ya setilaiti ni ya mwezi, mazima. Kenya kifurushi cha kawaida kilianza na shilingi 6,500 kwa mwezi, baadaye kikaongezwa cha GB 50 kwa shilingi 1,300. Kwa kaya moja ya mkulima hiyo ya kwanza haigusiki. Kwa shule yenye wanafunzi mia nne, zahanati, kambi ya watalii au kiwanda cha kukoboa kahawa, ni rahisi kuliko mafuta ya pikipiki ya kwenda mjini kutuma ripoti. Jambo la kuangalia: masharti ya kifurushi cha nyumbani hayaruhusu kuuza tena, na kijana anayefungua kibanda cha waifai kwa dishi la nyumbani yuko pabaya kwa mtoa huduma na kwa mdhibiti wa mawasiliano pia.

Mtandao wa jamii hununua kwa jumla na kupanga bei kikaoni. Bei inaweza kuwa ya chini sana, na inaweza kupangwa kwa haki: duka linalipa zaidi, shule kidogo, zahanati bure. Zenzeleni ilianza na huduma ya kuchaji simu kwa umeme wa jua, ikapata mapato hata kabla ya intaneti kukolea. Tatizo linajulikana na kila aliyewahi kuwa mweka hazina: wapo wasiolipa, na wengine ni shemeji wa mwenyekiti. Na bei iliyobebwa na mfadhili si bei ya kweli. Uliza ingekuwa kiasi gani kama mfadhili angeondoka mwezi ujao.

Kikiharibika

Kigezo hiki ndicho kinachoamua mengi, na ndicho kinachopewa mstari mmoja kwenye mapendekezo mengi.

Mnara wa kijijini una mambo mengi ya kuharibika: betri zinaibiwa, dizeli inaisha au inafyonzwa, radi inapiga, na kiungo cha kuelekea mnara wa jirani kinayumba. Fundi anatoka makao makuu ya mkoa, na kampuni hupanga foleni ya matengenezo kwa mapato. Mnara wa kata yenye wateja wachache hukaa mwisho wa foleni hiyo. Ruzuku hulipia kujenga. Kuendesha ni mzigo wa kampuni, na kampuni haikuja kwa mapenzi. Ukiwa na nafasi ya kusema neno moja kwenye mkataba wa ruzuku, omba kifungu kinachotaja saa ngapi kwa mwezi mnara unaruhusiwa kuwa kimya, nani wa kuripoti, na faini ni ipi. Sehemu ya ruzuku ilipwe baada ya miaka miwili ya huduma, isilipwe yote siku ya kukata utepe.

Dishi la setilaiti lina vitu vichache vya kuharibika: dishi, ruta, waya na umeme. Dishi la kawaida linakula wati 50 hadi 75, dogo lake nusu ya hapo au pungufu, kwa hiyo paneli chache za sola na betri nzuri zinatosha. Linahitaji anga wazi. Mwembe uliokua ni adui. Likifa, hakuna ofisi ya kwenda kugonga meza, malalamiko yanaandikwa kwenye programu na kifaa kinaagizwa. Hata angani kunaharibika: 24 Julai 2025 Starlink nzima ililala kwa takriban saa mbili na nusu duniani kote. Kuna pia suala la nafasi. Novemba 2024 kampuni iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa, na mauzo yakarudi Juni 2025. Setilaiti hupenda watu waliotawanyika. Mahali penye msongamano inashindwa na waya.

Tena kampuni ya nje hufungasha virago mara hesabu zikikataa. Kenya imeshaliona hilo. Baluni za Loon, mradi wa kampuni mama ya Google, zilianza kutoa huduma kibiashara nchini humo na Telkom Kenya Julai 2020. Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa. Starlink ina wateja na mapato ambayo Loon haikuwahi kuyapata, na si haki kuziweka kapu moja. Ila sera inayokabidhi shule zote kwa mtoa huduma mmoja inapaswa kuwa na ukurasa unaosema tutafanya nini akiondoka.

Mtandao wa jamii unatengenezwa na aliye karibu. Antena ikipigwa na upepo saa nane, kijana aliyefunzwa anapanda saa tisa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuupenda. Lakini kijana aliyefunzwa sasa ana ujuzi wenye mshahara, na mjini kuna mshahara. Mitandao ya jamii hudhoofika kwa kuondokewa na watu wawili watatu kuliko kwa kukosa vifaa. Kipimo changu kwa kijiji chochote kinachotaka njia hii ni kwenda kuangalia kamati ya maji. Kama pampu inafanya kazi, kama kuna daftari la michango na mtu anayelisoma hadharani, watu hawa wataweza kuendesha mtandao. Kama pampu imelala miaka mitatu ikisubiri kifaa cha bei ya mbuzi mmoja, usiwabebeshe ruta.

Jambo la mwisho hapa linawagusa wote waliofungwa kwenye nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika nje ya pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnara na mtandao wa jamii vyote vinaning'inia kwenye nyaya hizo. Setilaiti inaweza kuziruka, ingawa tangu Starlink ifungue kituo chake Nairobi Januari 2025 ili kupunguza ucheleweshaji, nayo inapita ardhini zaidi kuliko matangazo yanavyoonyesha.

Nani anaweza kuzima

Watu hukwepa swali hili kwenye vikao vya hadhara, na ninaelewa kwa nini. Lakini ni swali la sera kuliko yote. Kongo (DRC) ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 kwa karibu siku ishirini. Uganda ilizima Januari 2021. Tanzania ilizima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Kwa mnara, barua moja ya mdhibiti kwa kampuni chache inatosha, na kampuni hiyo ina leseni ya kuilinda, hivyo itatii.

Setilaiti wengi huiona kama njia ya kupenya. Kiufundi ina uwezo huo. Kisheria, mtoa huduma mwenye leseni anafungwa na masharti yaleyale, na asiye na leseni dishi lake linaweza kukamatwa mpakani. Kongo yenyewe iliipiga marufuku Starlink mwaka 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Halafu kuna swichi ya pili ambayo haiko mikononi mwa serikali yoyote ya huku. Elon Musk mwenyewe alikiri kwamba mwaka 2022 alikataa ombi la Ukraine la kuwashiwa huduma karibu na Crimea. Unaweza kukubaliana naye au kutokubaliana. Uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja.

Mtandao wa jamii ukikatiwa juu, intaneti inakatika. Kinachobaki ni cha ndani. Mtandao wenye seva yake, kama ule wa Kibera unaopeleka masomo mashuleni, unaweza kuendelea kugawa vitabu, ujumbe na matangazo ya zahanati kati ya wanachama bila kutoka nje. Ni kidogo, lakini kidogo hicho hakipo kwenye njia nyingine mbili.

Kwa ujumla hakuna teknolojia kati ya hizi inayotibu uzimaji. Kilichowahi kuugusa ni mahakama: Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki za watu kwa kuzima intaneti mwaka 2017. Mwenye kutoa maoni ya sera, iwe anataka mnara au dishi, ana sababu ya kudai sheria iseme nani anaweza kuagiza uzimaji, kwa maandishi gani, na mahakama ipi itaupitia.

Sheria iseme nini

Kwa minara sheria zipo. Kinachokosekana ni uwazi: orodha ya kata zilizolipiwa, kiasi cha ruzuku, na hali ya mnara leo, viwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuvisoma.

Kwa setilaiti ugomvi uko kwenye leseni. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikitaka watoa huduma wa setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea bali wapitie kwa kampuni zilizopo. Wengi walicheka kwamba mfalme anaogopa ushindani, na ni kweli kuna hilo. Hoja nyingine ya barua ile, ya mwingiliano wa masafa, haikustahili kuchekwa. Binafsi ningeongeza ya fedha: kama kampuni za ndani zinachangia mfuko wa mawasiliano kwa wote, anayekusanya ada za wateja walewale achangie pia. Afrika Kusini ilikwama kwa miaka kwenye sharti la umiliki wa asilimia 30 kwa makundi yaliyobaguliwa zamani. Wengine wanatafuta njia ya kati: Mei 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX, kwa hiyo minara na setilaiti zinaanza kulala kitanda kimoja.

Kwa mitandao ya jamii, Kenya ndiyo ya kuangaliwa. Mwaka 2021 ilitunga mfumo wa leseni mahsusi kwa mitandao hiyo, eneo lake likiwa kaunti ndogo na ada ikiwa ndogo sana ukilinganisha na ya kampuni. Kabla ya hapo kikundi cha kijiji kilitakiwa kusimama dirisha moja na kampuni ya mabilioni. Tanzania kumekuwa na jaribio la Kondoa, mkoani Dodoma, lililotumia masafa ya runinga yasiyotumika kurushia vipindi. Jaribio likifaulu linahitaji leseni ya kudumu, la sivyo linabaki kuwa ripoti nzuri.

Ushauri kwa hali yako

*Kata yenye watu wengi, wametawanyika kilomita chache, na mnara hakuna.* Pigania mnara wa ruzuku, wa 4G, wenye kifungu cha matengenezo. Watu wa kipato cha siku hadi siku watahudumiwa na bando kuliko kitu kingine chochote. Wakati unasubiri, na unaweza kusubiri miaka, dishi moja la setilaiti kwenye shule au zahanati si usaliti wa dai lako.

*Kisiwa, hifadhi, machimbo, maeneo ya wafugaji.* Setilaiti, kwa taasisi kwanza. Bajeti iwe na mstari wa sola, mstari wa betri ya kubadilisha baada ya miaka kadhaa, na jina la mtu anayeshika nywila. Kama nchi yako haijatoa leseni, hapo ndipo pa kupeleka maoni. Kuingiza dishi kimyakimya kutaitia shule hatarini kwa kosa lisilo lake.

*Mtaa wa mji wenye msongamano, au kijiji kikubwa kilicho jirani na mkongo.* Mtandao wa jamii una nafasi nzuri hapa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu intaneti ya jumla iko karibu na wateja wamebanana. Anza na leseni, daftari na watu watatu wa ufundi badala ya mmoja. Usianze na antena.

*Ushirika au SACCOS imara mahali pa mbali.* Changanya: setilaiti ya daraja la biashara inayoruhusu kugawa ndiyo iwe chanzo, na mtandao wa jamii uwe mgawaji. Soma masharti ya kifurushi kabla ya kukusanya michango ya wanachama.

*Wewe ni mtunga sera wa taifa.* Huchagui moja. Chagua jinsi kapu litakavyogawanywa: tenga fungu la mfuko kwa ajili ya vyama vya jamii na zabuni ndogo ndogo, mwingize mtoa huduma wa setilaiti kwenye uchangiaji, na uweke malipo ya minara yafuate huduma.

*Mnara upo, 4G ipo, na watu hawaitumii.* Hii ndiyo hali ya wale asilimia 60 waliofikiwa lakini hawaitumii, na hakuna njia kati ya hizi tatu inayowasaidia. Fedha zipelekwe kwenye bei ya simu, kodi ya bando na mafunzo. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilipofunguliwa Oktoba 2023 kilitoa simu janja ya 4G kwa shilingi 7,499 za Kenya. Kwa kaya nyingi bado ni nyingi kwa mkupuo, lakini kwa mkopo wa kikundi inaweza kulipika. Nenda kwenye vikoba, kwa wauza simu na kwa walimu wa darasa la saba, uwaulize nini kinazuia. Mnara wa pili unaweza kusubiri.